Pantoni Inayotembea kwa Uongo

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Muuza mchele akinitabasamia, naangalia kipimo chake. Nikisalimiwa kwa heshima kupita kawaida, najiuliza huyu anataka nini. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wananijua: ukipata maksi za juu ghafla, nitakuita pembeni nikuulize ulikaa karibu na nani. Ndivyo nilivyo, na kwa umri huu sitabadilika. Sasa mtu kama mimi alipoamua kuandika kitabu cha kuchekesha kuhusu wanasiasa na manabii, tena hapa hapa Ifakara, mji ambao ukinunua kitanda asubuhi mchana unaulizwa nani anahamia, basi alijitafutia ugonjwa mwenyewe.

Kitabu chenyewe kinahusu pantoni. Kabla daraja halijakamilika, ukitaka kwenda Lupiro na Ulanga yote ulikuwa unasubiri pantoni ikuvushe mto Kilombero, wewe na baiskeli yako na kuku wako, pamoja na basi zima na abiria wake. Mto ukichafuka, unalala ng'ambo. Daraja lilipofunguliwa pantoni ikakosa kazi, na mimi nikaipa kazi. Kwenye kitabu changu bado inavusha watu, ila haikupeleki Lupiro ya leo, inakupeleka Lupiro ya mwaka mwingine. Tena haitumii dizeli, inatumia uongo. Kadiri abiria wanavyodanganya wakiwa ndani, ndivyo inavyokwenda mbali. Mkulima akidanganya kidogo kuhusu ujazo wa gunia lake la mpunga, pantoni inamrudisha juzi, basi. Lakini siku moja wakapanda pamoja mgombea udiwani na nabii wa maji ya upako. We! Pantoni iling'oka ufukweni hata kamba haijafunguliwa.

Safari ya kwanza ikawapeleka mbele, miaka ambayo sisi tutakuwa tumeshaoza. Mheshimiwa akashuka anafuta jasho, ana hamu ya kuliona soko alilowaahidi wapiga kura. Akakuta maturubai, viti vya plastiki, ngoma, watoto wa shule wameanikwa juani tangu asubuhi. Roho yake ikatulia. Kumbe siku hiyo linawekwa jiwe la msingi la soko lile lile, na anayeliweka ni mjukuu wake. Wakamkaribisha aseme neno kama mgeni mwalikwa. Akasimama, machozi yakamlengalenga, akaahidi soko.

Safari ya pili ikawarudisha nyuma, muda mfupi baada ya ile vita ambayo babu zetu waliambiwa maji yatageuza risasi, wakaenda, na risasi hazikugeuka. Nabii hakuwa na habari hizo. Somo la historia alilikimbia shuleni. Akashusha madumu yake ya upako, akapaza sauti: "Nimewaletea maji!" Kikongwe mmoja aliyekuwa anapeta mpunga akamtazama, akalitazama dumu, akasema, "Maji? Tena?" Kijiji kizima kikainuka. Nabii alitimua mbio kandambili zikabaki.

Safari ya tatu ndiyo iliyonitia matatani. Niliwafikisha ng'ambo ya mwisho kabisa, ile ambayo hakuna aliyerudi kutusimulia. Mlangoni hawakumkuta malaika. Walimkuta mwenyekiti wa jumuiya ameketi kwenye benchi, anasafisha koo kabla ya kusema lolote, khm, khm, "Tumsifu Yesu Kristo. Kadi ya zaka iko wapi?" Mheshimiwa akauliza kama kuna posho ya kikao. Pembeni walikuwepo watafiti wa malaria na karatasi zao, maana mji wetu hauishi watafiti, wanawauliza wafu kama usiku wa mwisho walilala kwenye chandarua.

Sasa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala hapa mtaani, mzee aliyekuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, vumbi la pumba lilimharibu koo miaka mingi. Hawezi kusema "habari" bila khm khm. Mtoto wa chekechea angemtambua. Nilijua hilo nikiwa naandika, na nilicheka peke yangu mpaka nikalazimika kuinuka kwenye kiti.

Nilikuwa na sababu ya kumwogopa. Mama yangu mzazi anaishi nami. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo ni mtu wa kitandani. Mama hana mali, hana deni, hana ugomvi na mtu. Ana ombi moja tu ambalo amenirudia mpaka nimelikariri: siku yake ikifika, azikwe na jumuiya yake. Si kuzikwa tu. Wanaume wa jumuiya wachimbe kaburi kwa mikono yao, wanawake wapike, waimbe zile nyimbo anazozijua. Amewazika wengine kwa namna hiyo maisha yake yote. Amepika misibani mpaka moshi umemkausha macho.

Na hapa kwetu kila mtu anajua utaratibu. Usiposali na jumuiya, siku yako jumuiya itakaa ijadiliane kwanza. Mama alikuwa hawezi tena kwenda kusali kwa miguu yake, kwa hiyo nilitakiwa mimi niende badala yake kila Jumamosi asubuhi. Lakini Jumamosi asubuhi ndiyo nafasi yangu pekee ya kuandika. Nikaenda wiki hii, nikakosa ile. Baadaye nikawa nakosa zote. Walipokuja kusali nyumbani kwetu kwa ajili ya mgonjwa, niliwafungulia mlango, nikarudi chumba cha pili, nikaendelea na pantoni yangu huku wao wanaimba.

Kwa hiyo kitabu nilikificha. Kompyuta ya shule sikuiamini, nikawa nachapisha sura moja moja kwa dada mwenye steshenari karibu na stendi. Kurasa zikitoka nazitia kwenye bahasha ya kaki, nazisokomeza chini ya godoro la mama, upande wa miguuni. Nani atapekua kitanda cha mgonjwa? Nilijiona mjanja kweli kweli. Mama mwenyewe nilimwambia ni mitihani ya wanafunzi, asiiguse mtu.

Mambo yalianza kuharibika asubuhi moja nikielekea shuleni. Mwenyekiti alikuwa anasukuma baiskeli yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Khm, khm. Marahaba mwalimu. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mzee."

"Na pantoni je? Inaendeleaje?"

Akapanda baiskeli akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya barabara, bajaji inanipigia honi, dereva ananiuliza kama nimeamua kufa. Pantoni gani? Pantoni haipo! Miaka sasa watu wanapita darajani. Nani anauliza habari za pantoni?

Wiki ile ile nikaenda sokoni kununua samaki. Mama muuza kambale, naye ni wa jumuiya yetu, alikuwa anamwagia samaki wake maji yasikauke. Nikamwambia, "Dada, umeshamwaga ya kutosha." Akaniangalia, akabana midomo, akasema, "Maji? Tena?" Akapasuka kicheko mpaka akashika meza. Nilimlipa haraka, nikaondoka hata chenji sikusubiri. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

Kitabu kimevuja. Hilo halikuhitaji uchunguzi. Kilichohitaji uchunguzi ni nani. Nikaanza na dada wa steshenari, maana ndiye aliyezishika kurasa zote. Nilimkuta na waya zake masikioni, vidole vinakwenda.

"Dada, kazi zangu unazisoma?"

Akatoa waya sikio moja. "Mwalimu, mimi nachapa. Nikianza kusoma nitachapa lini?"

"Hujamwonyesha mtu?"

Hapo akatoa waya sikio la pili. "Mwalimu, mimi hapa nachapa viapo vya talaka. Nachapa barua za watu wazima wenye ndoa zao, wanaandikiana mambo ambayo ukiyasikia utaoga. Umewahi kusikia lolote likitoka humu? Halafu leo unaniuliza mimi habari za boti lako?" Akachomoa flashi yangu kwenye kompyuta, akaiweka mezani mbele yangu. "Tafuta steshenari nyingine. Ziko nyingi."

Nilitoka pale sijui kama nimekosea au nimemfumania. Alikasirika mno, na mtu asiye na hatia hukasirika. Lakini mwenye hatia pia hukasirika, tena zaidi.

Nyumbani nako nikaanza kuona vitu. Sukari inapungua. Mimi sinywi chai ya sukari na mama anakunywa kikombe asubuhi tu. Anayeingia nikiwa shuleni ni jirani yetu, mama aliyestaafu uhudumu wa wodi hospitalini, ambaye kwa wema wake huja kumpa mama maji na kumgeuza asipate vidonda. Nikapiga mstari wa kalamu nje ya kopo. Ilipofika Alhamisi, sukari iko chini ya mstari kwa vidole vitatu. Vikombe vya wageni, ambavyo mimi huvifunika vishikio vikitazama ukutani, nikavikuta vimefunikwa kiholela. Nikasema haya, jirani analeta watu wake nyumbani kwangu kunywa chai. Sikumwambia kitu. Nilianza kumsalimia kwa ufupi tu.

Halafu jumuiya wakaacha kuja. Jumamosi iliyokuwa zamu yetu ilipita, hakuna aliyebisha hodi. Iliyofuata nilisikia nyimbo zinakuja, nikasimama dirishani. Walipita mbele ya geti letu, rozari mikononi, mwenyekiti mbele. Walipofika usawa wa nyumba yetu wakapunguza sauti, wakapita kimya kabisa, wakaanza kuimba tena walipofika kwa jirani wa tatu.

Nikaingia kwa mama. "Mama, jumuiya hawaji siku hizi?"

"Watu wana mambo yao," akasema, akageukia ukutani.

Nikajua anaumia na ananificha. Nilikasirika, jamani. Wakinichukia mimi, sawa, mimi ndiye niliyeandika. Lakini mama amewakosea nini? Amewapikia misibani mara ngapi? Leo kwa sababu ya khm khm za kwenye kitabu wanapita mlangoni kwake kimya! Nikayaona yote mpaka mwisho: siku ya siku jeneza liko uani, mwenyekiti ameketi kwenye benchi, anasafisha koo, ananiuliza mimi kadi iko wapi. Nilichokiandika kwa kucheka kinanirudia usoni.

Nikaamua sitaombaomba. Mama yangu hatakosa kaburi kwa sababu ya kiburi cha watu. Nitajipanga mapema, kimya kimya, na mtu asiyehusika.

Siku chache baadaye shuleni tulikuwa na mitihani, tukatoka mapema. Badala ya kwenda nyumbani nikachukua bodaboda, karatasi za mitihani kwapani, mpaka kule wanakofyatua tofali, upande wa kuelekea mtoni. Niliwachagua wale kwa sababu ni watu wa kuja. Kiongozi wao ni Msukuma, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Ukoo wake ulishuka bondeni na ng'ombe, yeye akaishia kwenye udongo. Nikasema huyu hana jumuiya yetu, hana umbea wetu, na mikono ya kuchimba anayo.

"Shikamoo mama," akaniamkia, matope mpaka kwenye viwiko.

"Marahaba. Nyie mnachimba pia?"

"Tunachimba, mama. Ni choo au kisima?"

"Kaburi."

Akavua kofia. Wenzake wakasimamisha kazi, mmoja akazima redio. "Pole sana, mama. Nani ametutoka?"

"Hajatutoka."

"Ooh. Yuko hospitali, wamekata tamaa?"

"Yuko nyumbani. Asubuhi amekula perege, amebakisha miiba."

Akaivaa kofia yake tena, polepole. Wenzake wakatazamana. "Mama, sijakuelewa vizuri. Huyo aliyekula perege ndiye wa kuchimbiwa?"

"Si leo! Nataka ahadi tu. Siku ikifika niwapigie simu, mje."

"Hana watu?"

"Ana mimi."

"Kanisani je?"

"Usiniulize ya kanisani."

Nilimwona ananipima, kama mimi ninavyowapima watu, na sikupenda hata kidogo. "Mama," akasema kwa upole sana, "sisi kwetu mtu anayekula hachimbiwi. Hata namba yako sitaiandika. Nikiiandika, kila simu ikiita nitashtuka." Akainama akaendelea na tofali zake. Redio ikawashwa.

Nilirudi na hasira, nikapitia sokoni nimnunulie mama perege wengine. Hapo kwenye perege ndipo nilipochelewa. Nilikuwa nimesahau kwamba hata mtu wa kuja ana mke, na mke wake huyo Msukuma anaimba kwaya parokiani, benchi moja na jirani yangu.

Nilipofika nyumbani nikakuta viatu mlangoni. Kandambili, raba, viatu vya kamba vya wazee, vimepangwa kuanzia kizingitini mpaka kwenye beseni la kufulia. Ndani kimya. Kwetu viatu vingi mlangoni na kimya ndani vina maana moja. Mfuko wa samaki ulinitoka mkononi. Nikasema Mungu wangu, amekufa, amekufa nikiwa kwa wafyatua tofali ninamtafutia kaburi. Sijui nilivukaje kizingiti.

Mama alikuwa ameketi. Mito mitatu mgongoni, khanga safi, macho makavu. Chumba kimejaa jumuiya, wengine kwenye mkeka, vikombe vyangu vya wageni mikononi. Mwenyekiti yuko kwenye kigoda karibu na kichwa cha kitanda. Jirani yangu amevaa miwani, na mapajani mwake iko bahasha ya kaki, kurasa nusu ziko nje.

Mama ndiye aliyesema. Akinipenda ananiita mwanangu. Akinikasirikia ananiita kwa kazi yangu.

"Karibu, mwalimu. Kaburi langu limefika kina gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama muuza kambale aliinamisha kichwa, sikujua kama anacheka au analia.

"Mama, si hivyo—"

"Ni vipi? Mke wa huyo mfyatua tofali wako amempigia huyu simu." Akamwonyesha jirani kwa kidevu. "Amesema kuna mwalimu mwanamke amekuja kuulizia kaburi la mtu aliyekula perege. Ifakara hii, nani mwingine amekula perege leo asubuhi na ana mtoto mwalimu?"

"Niliogopa," nikasema. "Hawakuja. Wamepita getini kimya. Wamesoma kitabu, wamechukia, nikajua siku ikifika hawatakuzika."

"Khm, khm," mwenyekiti akaanza. Safari hii koo halikumtosha, akasafisha tena. "Mwalimu. Sisi tunakuja hapa kila Jumatano. Leo ni Jumatano. Mama yako ndiye aliyetuomba tuhamishe siku. Alisema Jumamosi binti yake anaandika, tusimkatishe. Akasema hata tukipita njiani Jumamosi tushushe sauti usawa wa nyumba."

Nikamwangalia mama. Aliangalia dirishani.

Mengine aliyaeleza jirani, kwa sauti ile ile ya wodini. Siku alipokuwa anamgeuza mama na kubadilisha shuka, bahasha ilianguka. Alitaka kuirudisha. Mama hajui kusoma lakini si mjinga, alishaona mimi sisahihishi mtihani hata mmoja kutoka kwenye bahasha ile. Akasema, "Hebu nisomee. Mwanangu anacheka peke yake chumbani kila wiki, nami nataka kujua anacheka nini." Wakasoma wawili. Jumatano iliyofuata mama akawaambia wenzake wakimaliza sala wabaki kidogo. Sukari ilikwenda huko. Walikuwa wanasoma sura moja kila wiki baada ya rozari, na siku ya kwanza jirani alipomaliza kusoma, mzee mmoja aliyekuwa anasinzia akaitikia kwa nguvu, "Tumshukuru Mungu!" Mama alicheka mpaka nyonga ikamuuma wakampa dawa.

"Ile ya mlangoni na kadi," mwenyekiti akasema, "niliwaambia wairudie. Mke wangu sasa akinipelekea chakula anauliza kama nina kadi. Nilikuuliza habari za pantoni barabarani kwa sababu nilifikiri utafurahi. Ukanikodolea macho kama mwizi." Akainuka, akachukua kofia yake. "Tucheke, mwalimu, tutacheka. Sisi tunajijua. Lakini kaburi la mwenzetu, aliyezika wazazi wangu mimi, ukalipeleke kwa mtu wa kufyatua tofali? Hilo sikulisoma kwenye kitabu. Hilo umelifanya."

Wakatoka mmoja mmoja. Waliniaga wote, kwa sababu ni watu wa adabu, na ule uagaji wa adabu uliniuma kuliko wangenitukana. Viatu vikaisha mlangoni. Nikaokota samaki wangu nje, paka alishamchukua mmoja.

Jirani aliacha bakuli la uji wa mchele jikoni, kama kawaida yake ya jioni. Nikaupasha moto, nikaupeleka chumbani. Mama alikuwa bado ameegemea mito.

"Weka hapo," akasema.

"Utapoa mama. Fungua mdomo nikulishe."

"Nisile. Nikishiba utapata hasara. Utawaambia nini wafyatua tofali?"

"Walikataa!"

"Ahaa. Hata wao."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda na bakuli langu. Sikulia, mimi si mtu wa kulia mbele ya mama. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba nilichoogopa si aibu, nilichoogopa ni kumwona yeye amelala uani na hakuna mtu. Kwamba kitu kimoja alichoniomba maishani ni hicho, na nilidhani nimekiharibu kwa mkono wangu ili nipate kuchekesha watu nisiowajua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunihurumia.

"Tuseme uliyoyaogopa yangekuwa kweli," akasema. "Wamekataa wote. Mwenyekiti amekataa, padri amekataa, kaburi hakuna. Wewe akili yako ikaenda kwa mtu usiyemjua, umlipe."

"Ningefanya nini, mama?"

"Nimelima mpunga Lupiro na wewe uko mgongoni. Nimechimba mifereji na wewe uko mgongoni, unanililia sikioni. Jembe hulijui?" Akanigeukia. "Si ungechimba wewe?"

Nimewaza kila mtu katika mji huu, nani atakataa, nani atanisaliti, nani amebana midomo kwa sababu gani, na wazo hilo moja halikuwahi kunipitia kichwani. Niliangalia mikono yangu. Ina wino.

"Ningechimba," nikasema.

"Hm."

Nje baiskeli za wanaotoka mashambani zilikuwa zinapita na kengele zao. Uji ulishaanza kuganda juu. Nikauchanganya, nikachota kijiko, nikakiinua nikiwa sina uhakika wowote. Mama alikitazama kile kijiko, akanitazama mimi usoni muda mrefu, kama mtu anayekagua noti. Halafu akafungua mdomo.